Nani Hutawala Pasipo na Mwenye Mali? Funzo la Historia ya Programu Huria

Katika mijadala ya vyuo vyetu na ofisi zetu za umma kuhusu teknolojia, neno "huria" hutumiwa mara nyingi kana kwamba linamaliza hoja. Programu za kampuni, tunaambiwa, zina mwenyewe. Programu huria ni za wote, na kilicho cha wote hakina bwana. Nimeisikia kauli hii kwa wahandisi, kwa wanaharakati na kwa wanafunzi wangu. Mimi ni mwalimu wa siasa, si mhandisi, na nikisikia kwamba mahali fulani hapana mtawala, swali langu la kwanza huwa ni nani anayefanya uamuzi pale watu wanapotofautiana. Harakati za programu huria sasa zina umri wa zaidi ya miaka arobaini. Ushahidi wa kulijibu swali hilo upo.

Katika makala haya nitadai kwamba leseni huria huondoa aina moja ya mamlaka, yaani uwezo wa mmiliki kumzuia mwingine asitumie, asisome na asirekebishe programu. Aina nyingine za mamlaka hubaki, nazo huwa ngumu kuonekana kwa sababu watu wameshaaminishwa kwamba hazipo. Nitaeleza kwanza ahadi yenyewe, kisha nitapitia visa vichache, na mwisho nitauliza historia hii inatuambia nini sisi tunaozitumia programu hizi kila siku bila kuwa na kiti katika vikao vyake.

Ahadi ya mwaka 1983

Mnamo Septemba 1983, Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika chuo cha MIT huko Marekani, alitangaza nia ya kuunda mfumo kamili wa kompyuta ambao kila mtu angeruhusiwa kuutumia, kuuchunguza, kuurekebisha na kuusambaza. Aliuita GNU. Mwaka 1985 ilianzishwa taasisi ya kuusimamia, na mwaka 1989 ikatoka leseni ya GPL, ambayo kwa maoni yangu ni miongoni mwa hati muhimu za kisiasa za mwisho wa karne ya 20 ingawa haisomwi na wanasiasa. Leseni hiyo iligeuza sheria ya hakimiliki. Badala ya kuitumia kuzuia, iliitumia kumlazimisha kila anayesambaza programu iliyorekebishwa aache uhuru uleule kwa wanaomfuata.

Agosti 1991, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alitangaza kiini cha mfumo alichokuwa akikiandika, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni ya GPL. Kiini hicho, Linux, leo kimo katika simu za Android na katika seva nyingi zinazoendesha intaneti. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Simu aliyonayo mkulima wa Mbozi inaelea juu ya kazi ya maelfu ya watu asiowajua.

Ahadi ya leseni ilitimizwa. Hata hivyo, leseni haikusema lolote kuhusu jinsi maelfu hao watakavyoamua mambo yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwanazuoni wa Marekani Jo Freeman, akiandika kuhusu vikundi vya ukombozi wa wanawake, alionya kwamba kikundi kinachojivunia kutokuwa na muundo hakiepuki kuwa na wakubwa. Wakubwa wake huwa hawakuchaguliwa, na kwa hiyo hawawezi kuondolewa. Hakuwa akifikiria kompyuta, lakini alieleza mapema kile ambacho jumuiya za programu zilikuja kukigundua kwa gharama.

Katika jumuiya hizi mamlaka hukaa mahali patatu. Pa kwanza ni kwa wenye ufunguo, yaani wasimamizi wanaoamua mchango gani uingie katika toleo rasmi. Mtu yeyote anaweza kuandika rekebisho la Linux, lakini rekebisho hilo hupita kwa msimamizi wa sehemu husika kabla ya kufika kwa Torvalds. Pa pili ni kwa mwenye jina, kwa kuwa leseni hutoa msimbo na kwa kawaida haitoi alama ya biashara. Pa tatu ni kwa mlipaji wa mishahara, maana kazi kubwa ya Linux leo hufanywa na watu walioajiriwa na kampuni, na mwajiri ndiye anayejua wataamka kesho wakifanya nini.

OpenOffice: msimbo ulihama, jina likabaki

Kisa kinachotuhusu zaidi ni cha OpenOffice, kwa sababu Kiswahili kimo ndani yake.

Mwaka 1999 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani iliinunua StarDivision ya Ujerumani, iliyokuwa ikitengeneza programu za ofisi. Mwaka 2000 Sun ikaufungua msimbo wake na kuuita mradi huo OpenOffice.org. Sun ilitaka kudhoofisha utawala wa Microsoft katika ofisi za dunia, na kwa wajitoleaji hilo halikuwa tatizo. Masilahi yao na ya kampuni yalikwenda njia moja. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux na kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Uswidi, kilitoa programu hiyo kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Kwa wale waliokuwa wakidai kwamba lugha yetu haiwezi kubeba teknolojia, hilo lilikuwa jibu la vitendo. Ilibidi watu wakae, wabishane juu ya istilahi na wapate neno kwa kila amri iliyokuwa kwenye menyu.

Sasa tuangalie mamlaka yalivyogawanywa. Aliyetaka mchango wake wa msimbo uingie rasmi alitakiwa kutia saini hati ya kuipa Sun hakimiliki ya pamoja juu ya kazi yake. Jina lilikuwa la Sun. Waandishi wengi wa msimbo walikuwa waajiriwa wa Sun. Kulikuwapo Baraza la Jumuiya, lakini baraza hilo halikuwa na jina, hakimiliki wala fedha. Watengenezaji wa nje, hasa wale wa kampuni ya Novell, walilalamika kwa miaka kwamba michango yao ilikwama, hadi wakawa na toleo lao la pembeni. Mlalamikaji angeweza kusema atakavyo. Aliyeamua alikuwa mwingine.

Aprili 2009 kampuni ya Oracle ilitangaza kuinunua Sun, na ununuzi ukakamilika Januari 2010. Hapa ndipo mtu wa siasa anapopaswa kutulia. Mradi uliojengwa na wajitoleaji wa lugha nyingi, waliofasiri kwa Kiswahili wakiwamo, ulibadilisha mwenye jina, hakimiliki na mishahara kwa siku moja. Uamuzi ulikuwa wa wanahisa. Hakuna mjitoleaji aliyeulizwa, na kisheria hapakuwa na sababu ya kumwuliza.

Dalili za hatari zilionekana mapema katika mradi jirani. OpenSolaris, mfumo mwingine huria wa Sun, ulikuwa na bodi ya uongozi iliyochaguliwa. Oracle ilipoacha kuijibu, bodi hiyo ilijivunja yenyewe Agosti 2010. Chombo cha kuchaguliwa kilikuwapo kwenye karatasi, lakini mwenye mali alipoamua kunyamaza kilikosa mtu wa kuzungumza naye.

Wale wa OpenOffice walijifunza kutokana na jirani yao. Tarehe 28 Septemba 2010, kundi la viongozi wa jumuiya lilitangaza taasisi huru, The Document Foundation, na kutoa toleo lao kwa jina la LibreOffice. Walitarajia jina hilo liwe la muda. Waliialika Oracle ijiunge nao na itoe jina la zamani kwa taasisi mpya. Oracle haikulitoa, Oktoba mwaka huohuo, wajumbe wa Baraza la Jumuiya waliojiunga na taasisi mpya walitakiwa waondoke barazani kwa sababu ya mgongano wa masilahi.

Kilichofuata kinaonyesha nguvu ya leseni. Kwa kuwa msimbo ulikuwa huria, waliojitenga waliondoka nao wote, pamoja na tafsiri zake. Januari 2011 toleo la kwanza kamili la LibreOffice lilitoka, na wasambazaji wakubwa wa Linux wakalichukua badala ya lile la Oracle. Taasisi ilipohitaji Euro 50,000 za mtaji wa kusajiliwa Ujerumani, wanajumuiya walizichanga ndani ya siku nane. Aprili 2011 Oracle ilitangaza kuacha biashara ya OpenOffice. Kampuni iliyoinunua Sun kwa mabilioni ya dola ilishindwa kuwabakiza watu ambao haikuwa imewanunua.

Kisa kingeishia hapo, kingekuwa hadithi ya ushindi. Juni 2011, badala ya kuwapa jina waliojitenga, Oracle iliupeleka msimbo na jina kwa taasisi nyingine, Apache Software Foundation. Tangu hapo kuna miradi miwili. Toleo kubwa la mwisho la Apache OpenOffice, 4.1, ni la mwaka 2014, na yaliyofuata yamekuwa marekebisho madogo. LibreOffice imeendelea kutoa matoleo makubwa mwaka hadi mwaka. Lakini jina linalojulikana ni la kwanza. Oktoba 2020, miaka ishirini baada ya msimbo kufunguliwa, taasisi ya LibreOffice iliandika barua ya wazi kuwaomba wenzao wa Apache wawaeleze watumiaji kwamba kuna programu iliyo hai zaidi. Kuna watu wanaoendelea kupakua chombo kilichodumaa kwa sababu jina lake ndilo walilolisikia. Huo ndio uzito wa jina, na leseni haikuugusa.

Debian: jamhuri yenye katiba

Je, jumuiya inaweza kujipanga kabla ya dhoruba? Mfano bora nilionao ni Debian, mfumo ulioanzishwa Agosti 1993 na Ian Murdock akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Miaka ya mwanzo mwanzilishi ndiye aliyeongoza, kisha akamwachia mwingine. Desemba 1998 wanajumuiya walipitisha katiba iliyoandikwa kwa kiasi kikubwa na Ian Jackson, Mwingereza aliyekuwa kiongozi wao mwaka ule.

Nawashauri wanafunzi wangu waisome. Kiongozi huchaguliwa kila mwaka. Wapigakura hupanga wagombea kwa kufuata upendeleo, na miongoni mwa machaguo daima limo la kuwakataa wagombea wote. Wanajumuiya wanaweza kuutengua uamuzi wa kiongozi kwa kura. Kuna kamati ya ufundi ya kuamua migogoro ya kitaalamu. Na kuna kifungu kinachonivutia kuliko vyote: katiba haimlazimishi mtu yeyote kufanya kazi. Dola ina polisi na kodi. Jamhuri hii ya wajitoleaji inajua kwamba uamuzi wake hautatekelezwa isipokuwa pawe na mtu aliye tayari kuutekeleza, na imeliandika hilo waziwazi.

Katiba hiyo ilijaribiwa mwaka 2014. Mgogoro ulihusu programu inayoanzisha huduma zote kompyuta inapowashwa, na upande mmoja ulitaka mfumo mpya uitwao systemd. Kamati ya ufundi yenye wajumbe wanane iligawanyika nne kwa nne, na mwenyekiti akatumia kura yake ya uamuzi kuupitisha mfumo mpya. Upande ulioshindwa ukapeleka hoja kwa wanajumuiya wote, nao Novemba wakaamua kwamba azimio halikuhitajika. Miongoni mwa walioshindwa alikuwa Ian Jackson mwenyewe. Mwandishi wa katiba alishindwa chini ya katiba aliyoiandika, akajiuzulu katika kamati, na katiba ikabaki. Wengine wasioridhika walijitenga mwezi huohuo na kuunda mfumo wao, Devuan.

Sidai kwamba mwaka ule ulikuwa wa amani. Watu kadhaa waliojitolea kwa miaka mingi waliondoka wakiwa wamechoka. Lakini linganisha na OpenOffice. Debian kila mtu alijua uamuzi ulifanywa wapi, na nani, na kwa kura ngapi.

Jumuiya nyingine zilichelewa. Lugha ya Python ilikuwa chini ya mwanzilishi wake, Mholanzi Guido van Rossum, aliyepewa kwa utani cheo cha dikteta mwema wa maisha. Julai 2018, baada ya ubishi mkali kuhusu ishara moja mpya ya kuandikia msimbo, alijiuzulu na kukataa kumteua mrithi. Ilibidi wanajumuiya waanze kujadili katiba wakati kiti kiko wazi. Walichagua baraza la watu watano, na wakaweka sharti kwamba wajumbe wasiozidi wawili watoke kwa mwajiri mmoja. Taasisi ya LibreOffice nayo ina ukomo wa aina hiyo. Masharti haya yameandikwa na watu waliojua nguvu ya mlipaji wa mishahara.

Kiti ambacho hakuna anayekitaka

Tumezoea kuogopa mamlaka yaliyokithiri. Historia ya karibuni inatuonyesha hatari ya upande wa pili, ya mamlaka yaliyotelekezwa. Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aligundua kwamba kuingia kwenye seva kulikuwa kunachelewa kwa takribani nusu sekunde bila sababu. Alipofuatilia alikuta mlango wa siri umefichwa ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo katika mifumo mingi ya Linux.

Mlango huo haukuvunjwa kwa nguvu. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa amechangia mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili kwa bidii na adabu. Wakati huo majina mengine yasiyojulikana yalimshinikiza msimamizi wa mradi, mjitoleaji aliyekuwa amekwisha kueleza kwamba amechoka, amruhusu mtu mwingine ashike kazi. Hatimaye mgeni akapewa ufunguo. Matoleo yenye sumu, 5.6.0 na 5.6.1, yalifika katika mifumo ya majaribio kabla ya kukamatwa. Kampuni zenye utajiri mkubwa duniani zilikuwa zikiitegemea programu hiyo, na mlinzi wake alikuwa mtu mmoja aliyechoka.

Na sisi je?

Mchumi Albert Hirschman, katika kitabu chake cha mwaka 1970, alieleza kwamba mtu asiyeridhika na taasisi ana njia mbili, kutoka au kupaza sauti, na kwamba uaminifu wake ndio huamua atachelewa kiasi gani kutoka. Programu huria zimefanya kutoka kuwa haki ya kila mtu. Ni haki kubwa, na watawala wa jumuiya hizi huongoza wakijua ipo. Lakini waliotoka OpenOffice walifaulu kwa kuwa walikuwa na waandishi wa msimbo, waajiri waliowalipa, na wachangaji. Anayebaki na msimbo bila watu wa kuuendeleza amebaki na nakala tu.

Hapo ndipo penye hatari kwetu. Mfumo wa DHIS2, unaokusanya takwimu za afya katika Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, ni huria, na uendelezaji wake unaratibiwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo. Vyuo vyetu vingi hufundishia kwa Moodle. Sioni ubaya wowote katika hilo. Ni afadhali mara nyingi kuliko kufungwa na mkataba wa kampuni moja. Lakini hesabu zetu huishia kwenye ada ya leseni tuliyookoa. Je, kuna mtu wa kwetu mwenye ufunguo? Jina ni la nani, na likiuzwa kesho tutasikia lini? Nani anawalipa wanaotutengenezea? Sijaona maswali haya yakiulizwa kwa uzito katika vikao vya manunuzi nilivyowahi kuhudhuria.

Pendekezo langu ni dogo. Taasisi ya umma inayookoa fedha kwa kutumia programu huria itenge sehemu ya fedha hizo kumlipa angalau mtaalamu mmoja ambaye kazi yake rasmi ni kuchangia mradi ule, kuhudhuria vikao vyake na kupanda ngazi zake mpaka awe msimamizi. Vyuo vikubali mchango huo kama kazi ya kitaaluma katika kupandisha vyeo, kama tunavyokubali makala za majarida. Na kila mradi wa kufasiri programu kwa Kiswahili uombe kiti katika chombo cha maamuzi kabla ya kufasiri neno la kwanza.

Waliofasiri Jambo OpenOffice walitoa kazi ambayo haikuweza kunyang'anywa, na kwa hilo leseni iliwatendea haki. Walichokosa ni kura siku mradi ulipobadilisha mwenyewe. Kizazi kinachosoma kompyuta katika vyuo vyetu sasa kina ujuzi wa kuidai kura hiyo, kikipewa mshahara na muda wa kuitafuta.